Samaki wa Mawe na Kaburi la Lubunga

Komini ya Tshopo, Kisangani, Jumamosi

Kwako yaya Célestin, kaka yangu mkubwa, Banalia,

Pokea salamu zetu, wewe, bibi yako na watoto. Kikohozi kimepungua? Sisi tunapumua. Mtoto ameota meno mawili, hanipi usingizi. Mama yuko vile ulivyomwacha: kila jioni anamwekea papa, baba yetu, sahani na kuifunika. Matanga bado anakataa. Anasema hawezi kuomboleza mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake.

Alhamisi shule ya Glodi wangu ilipeleka watoto Lubunga kuona samaki wa mawe, nami nikawasindikiza. Tulivuka mto kwa mtumbwi. Samaki wako ndani ya mwamba wa ukingoni, na juu yake kuna nyumba ndogo ya makumbusho. Mlinzi wake, papa Nicolas, alieleza kwamba zamani sana, kabla ya watu, samaki walifunikwa na matope, na matope yakawa jiwe. Glodi akauliza kama bado wanapikika. Papa Nicolas akamjibu kwamba mama yake angemaliza makaa ya mji mzima na samaki angekuwa bado mbichi. Watoto wakanicheka, nami nikacheka.

Bon, halafu akafungua kabati la kioo. Samaki mmoja, mdogo kama kiganja, mifupa yote kamili hadi mkia. Chini yake karatasi: jina lake, na mahali alipookotwa.  Yaya, nilitoka nje kulia, nikamdanganya mwalimu kwamba ni joto.

Kaa chini kwanza, ndipo usome haya. Mwaka jana, siku ya sita baada ya papa kuzama, wavuvi wa Lubunga waliniita. Walikuwa wamepata mtu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na unajua mwenye mimba haangalii maiti. Nilisimama mbali. Waliniletea mkanda wake, ule papa alioutoboa tundu kwa msumari. Niliutambua. Lakini niliogopa kwamba nikikubali watanipeleka kumfunua uso, donc nikasema si yeye. Wakamzika palepale, bila jina.

Alhamisi nilimtafuta mmoja wao. Kaburi lipo bado, ila mto unakula ukingo. Amesema mvua za Septemba zitalichukua.

Njoo wiki hii. Nitamwambia mama mimi mwenyewe, na usinizuie. Akinitukana, uniache nitukanwe. Akinifukuza, nitaondoka na watoto wangu. Lakini wewe umvushe, asimame pale na kumlilia mumewe, kabla maji hayajafika.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako.

Mdogo wako,
Benie