Mmenililia Nami Nabeba Machela

Milima ya Usambara

Kwa mdogo wangu Ambakisye, Matema,

Ugonile, ndugu yangu. Mama ameamkaje? Miguu yake bado inavimba mvua zikianza? Ng'ombe wamesalimika? Na ile migomba niliyoipanda nyuma ya nyumba, imezaa? Mimi sijambo. Namwomba mwalimu wa misheni anayekusomea barua hii alirudie neno hilo kwa sauti, hata majirani waliosimama mlangoni wasikie. Ambilikile hajambo. Anakula, anatembea, anakohoa asubuhi kwa sababu ya baridi ya huku. Hajafa.

Unajua nilivyoondoka. Nilibeba mzigo wa Mzungu wa boma hadi pwani, nikashikwa na homa, nikaachwa kibandani sijitambui, na wenzangu wakarudi bila mimi. Wao siwalaumu, waliona walichokiona. Nilipopona sikupata msafara wa kurudi nao, nikachukuliwa kazi huku kaskazini, kwenye milima ambayo Wazungu wa pwani huipanda wakati wa joto kuja kupunga upepo. Nilidhani nitakaa msimu mmoja tu.

Kazi yenyewe ni machela. Mgeni analala kwenye kitanda cha turubai kilichofungwa kwenye mti mrefu, nasi tunauweka mti mabegani na kupanda. Asubuhi tunawapeleka kwenye jabali, ambapo ukitazama chini unaiona nyika yote hadi macho yanachoka. Wakishatazama wanakunywa kahawa. Kesho yake ni maporomoko ya maji, keshokutwa msitu wa mbega, ambao una giza mchana na matope ya kukuvua ngozi ya miguu. Hawaendi huko kuwinda wala kukata kuni. Wanakwenda kutazama, kisha wanarudi wakisema wamechoka. Bega langu la kulia limeota sugu, ukiligusa utadhani ni kisigino. Wao wanapumzika, sisi tunachoka kwa niaba yao.

Bibi mmoja aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kama kwetu pia kuna mahali pazuri pa kutembelea. Nikamwambia kwetu milima inashuka mpaka ndani ya ziwa, na maji ni safi hata unamwona samaki mbasa akipita chini ya mtumbwi. Nikamwambia upande wa Ikombe wanawake wanafinyanga vyungu, wanavileta sokoni kwa mitumbwi, na mmoja wao ni mke wangu. Akasema, "Vizuri sana, ana bahati mke wako." Nami nikafurahi, mjinga mimi, siku nzima nikabeba bila kuusikia uzito.

Basi siku ya maporomoko alikuja mgeni mwingine na askari wake. Wageni wamekaa juu ya mawe, bibi yule anachora maji, sisi tumekaa pembeni tunakula ndizi. Yule askari akaniangalia mno. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Gwe jwani?" Nikamtajia jina langu na la baba. Akarudi nyuma, bunduki mkononi.

"Ambilikile tulimlilia," akasema. "Mimi mwenyewe nilicheza mkuki kwenye matanga yake."

"Ndimi huyu."

"Kula hiyo ndizi nione."

Nikala mbele yake, Ambakisye. Nikatafuna nikameza, nikafungua kinywa nikamwonyesha. Ndipo akakaa chini akalia, akanieleza yote. Kwamba mlinifanyia msiba bila maiti. Kwamba wazee walikuketisha mahali pangu kama desturi yetu inavyotaka, wewe mdogo wangu wa tumbo moja, ukapewa ng'ombe wangu, ukapewa mke wangu Syabumi, ukapewa na jina langu. Kwamba siku hizi mtu akiita Ambilikile pale Matema, wewe ndiye unayeitika. Na kwamba Syabumi ana mtoto mgongoni.

Bibi akauliza tunalilia nini. Mbebaji mwenzetu aliyejua Kijerumani akamwambia nimekutana na mtu wa kwetu. Akapiga makofi kwa furaha. Halafu tukambeba tukarudi.

Desturi naijua. Ningekuwa nimekufa kweli, ningetaka uwe wewe, si mtu mwingine. Lakini mliharakisha! Syabumi akifinyanga chungu hukiacha kivulini mpaka kikauke sawasawa ndipo akichome. Mimi hamkuningoja hata kiasi hicho. Hukutuma mtu pwani. Hukuuliza boma. Nina hasira nawe, Ambakisye, na sitaificha kwa sababu mwalimu anasoma. Mwalimu, usiruke neno.

Nimemwomba bwana aliyetuajiri ruhusa ya kuja nyumbani. Alicheka. Alisema huu ni msimu wa likizo, hakuna anayeondoka. Nikamwambia hata mimi nataka likizo. Akaniambia likizo ni ya wageni. Wakishuka pwani joto likipungua, nitaondoka, akubali asikubali. Nitafika mvua kubwa zikiisha.

Kabla sijafika, nenda kwa malafyale, mtawala wetu, na wazee, waeleze kwamba mlimlilia mtu aliye hai, wakuambie ni dawa gani inayomrudisha mtu kama mimi ndani ya nyumba. Mimi sijui, sijapata kusikia aliyerudi. Kisha umuulize Syabumi anataka kukaa na nani. Umuulize, usimwambie. Akisema ni wewe, nitamwachia, ingawa itaniuma mpaka nife mara ya pili. Mtoto hana kosa. Asije akaambiwa kwamba mimi ni mzimu.

Nisalimie mama. Mwambie machozi yake yamenifikia mapema, ayafute. Msalimie mjomba wetu mvuvi, na shangazi wa Ngana aliyenilea, na baba mkwe wa Ikombe, kama bado naruhusiwa kumwita hivyo. Mwalimu naye, ndaga fijo kwa kunisomea.

Ng'ombe tutagawana. Lakini jina nalitaka, sina jingine. Siku nitakayoingia uani usiwaite watu, usilie, wala usitoe mkuki, hayo mmekwisha kuyafanya. Nikikukuta umekalia kigoda changu, inuka tu.

Ni mimi kaka yako,
Ambilikile