Ngamia Mwenye Utulivu

Jumatatu, 1 Septemba

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ngamia wa pili. Ameanguka kutoka mezani saa ya chai. Mashahidi: paka na birika. Shingo ilikuwa waya mmoja, ilitaka mbili. Marehemu amerudishwa kwenye ndoo ya magazeti, alowe upya.

Mteja wa Nairobi anataka mdoli wa ngamia wa kuweka mezani, "mwenye utulivu". Haya. Mume wangu Guyo yuko malishoni Kipsing na ngamia wa kweli. Simu yake imezimwa tangu Ijumaa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekunja waya. Sokoni wanasema kuna ugomvi wa malisho huko Kipsing. Wengine wanasema risasi, wengine fimbo tu. Hakuna hata mmoja aliyefika huko.

Alhamisi, 4 Septemba

Shingo imesimama. Masikio pia. Kila nikiyalaza, yanaamka. Macho yamemtoka kama mtu aliyesikia mlango ukiguswa.

Kanana, jirani yangu muuza miraa, aliinama akamwangalia. "Mama Galma, huyu ndiye ametulia? Mbona ananifanya nitafute viatu nikimbie?"

Nilicheka. Sikutaka.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemchongea kengele ya mbao, ndogo kama kidole gumba. Kazi nzuri, nikijisifu mwenyewe. Kanana akaitikisa. Kimya.

"Na hii imekufa?"

Ndipo nikaona. Nimeijaza nyasi. Wachungaji wetu huziba kengele hivyo kukiwa na hatari, ngamia apite asisikike. Mikono imefanya bila kuniuliza.

Naogopa. Sijala tangu asubuhi.

Jumamosi, 6 Septemba

Rangi. Mteja ameuliza utulivu umefika wapi. Nimemjibu uko njiani.

Simu ya Guyo, bado.

Jumapili, 7 Septemba

Guyo amefika asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Ugomvi ulikuwepo, wazee wakaumaliza. Yeye alikuwa ng'ambo ya kilima, hakusikia chochote. Simu ilitumbukia kisimani.

Alikunywa chai. Akamchukua ngamia wangu, akachomoa nyasi kwenye kengele, unyasi mmoja mmoja, akaziweka kwenye sahani. Nikajifanya natafuta sukari.

Halafu akamgeuza kwenye mwanga, akayachunguza kwa muda mrefu yale masikio yaliyosimama.

"Huyu ana kupe," akasema.