Jiwe la Mama Mkwe Wako

Kwako dada Zainabu,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kiatu changu cha kushoto kimefariki dunia katika barabara ya Arua kwenda Koboko, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kimeacha mjane mmoja, wa kulia.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Huko Nakuru mnaendeleaje, wewe, shemeji Hasani na watoto? Kifua cha mama kimetulia?

Uliniagiza nikamtazame mama mkwe wako kule Kuluba, maana shemeji, mtoto wa askari wa serikali iliyoanguka, hawezi kukanyaga huku siku hizi. Nikafunga kibanda changu cha cherehani pale Arua. Magari hakuna, nikaenda kwa miguu, polepole, na nakuambia dada, anayepita nchi hii kwa gari hajaiona. Unalala kwa watu, unakula enyasa, ule ugali wao wa mtama na muhogo, unajifunza kusalimu "mi ngoni" bila kuchekwa sana. Kanuni yangu ilikuwa moja: usiulize, fanya wanavyofanya. Mwenye kuuliza ni mgeni.

Kwa hiyo sikuuliza kwa nini muhogo unang'olewa ungali mwembamba kama kidole. Sikuuliza kwa nini watu wananipita na mikeka kichwani, wote wakielekea mpaka wa Zaire, na mimi peke yangu nashika njia ya Koboko. Mzee mmoja aliyebeba mlango wa nyumba yake mgongoni alisimama, akaniuliza kwa Kiswahili chao cha huku:

"Nakwenda wapi, fundi?"

"Koboko."

"Koboko iko," akasema, akikitazama kiatu changu. "Mutu ndio hakuna."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Na kila boma nililolala, asubuhi mama wa nyumba aliosha jiwe lake la kusagia, akaligeuza na kulilaza kifudifudi. Nikaweka akilini: hii ni adabu ya hapa.

Kuluba nilimkuta mama mkwe wako ameketi na karanga zake, na jirani yake wa mwisho, Mama Rose, anafunga mzigo.

"Huyu mama iko na kichwa ngumu," Mama Rose akaniambia. "Sisi nasema, askari nakuja, nachoma. Yeye nasema hatoki mpaka mtoto yake naleta neno."

"Mimi nikitoka," mama akajibu bila kuinua macho, "Hasani natafuta mimi wapi?"

Mimi sikuwa na neno. Nilikuwa na sukari uliyonituma. Nikampa, naye akanipa karanga. Halafu nikataka aone kwamba ndugu wa mkwewe si mgeni wa nchi hii. Nikaosha jiwe lake la kusagia, nikalilaza kifudifudi.

Mama Rose akaacha kufunga. Mama akalitazama jiwe, akanitazama mimi.

"Hasani nasema hivyo?"

Karanga zilikuwa zimejaa mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye heshima.

"Basi," akasema, akaingia ndani kuchukua mkeka.

Jua halijazama tulikuwa tumeshavuka mpaka. Nyuma yetu, upande wa Kuluba, moshi ulipanda, na bunduki zikalia mpaka giza likaingia. 

Tuko Zaire sasa, kwenye uwanja wa kanisa, wazima. Mama anamweleza kila anayekaa karibu kwamba mwanawe ana akili: hakutuma maneno, alituma mtu anayejua kwamba jiwe likigeuzwa, boma linahamwa. Mwambie shemeji azipokee sifa hizo, asiharibu.

Nisalimie mama yetu, mjomba seremala, na yule shangazi anayesema nitauawa na maswali yangu. Mwambie safari hii sikuuliza hata moja.

Nduguyo mwenye kiatu kimoja,
Ramadhani

Mimi nilidhani wanageuza mawe ili kuku wasiyachafue.