Nilimwambia Mzee Binti Yake Amekataliwa Chuoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke kwa sababu mimi si mtu wa kuchekwa, hapa Kiwanjani ni mimi nasomea watu barua za Kizungu tangu niache Form Two, hata karani wa chifu ananiogopa, sasa wiki chache zilizopita jirani yetu Mzee Golicha akaleta barua ya chuo cha uuguzi ya binti yake Batula, ambaye yuko Korbesa anamtunza nyanya yake, akaniambia, "Profesa, soma," nikapitisha macho nikaona maombi yake yamekuwa "deferred", neno lenyewe sikulijua lakini watu walikuwa wamejaa hapo hotelini wakinywa chai, nikasema kwa sauti, "Pole mzee, wamemkataa," akakunja barua polepole akasema, "Haya, basi aolewe," na sasa wazee wa kijana fulani wa Merti wanaleta buna, ile kahawa ya posa, na tumbako baada ya Idd ya kuchinja, na buna ikishapokelewa msichana amechumbiwa, halafu kocha wetu wa mpira, Mwalimu Zachary, akatangaza mechi yetu ni "deferred", nikajua imekufa, kumbe Jumamosi iliyofuata ikachezwa, mshauri, ikachezwa mpaka mwisho! Nikisema nilikosea watanicheka mpaka uzeeni, nikinyamaza Batula hasomi. Nifanye nini? Na usijifanye wewe unajua kila neno.

Profesa wa Kiwanjani, Isiolo

Profesa,

Sijui kila neno, ndiyo maana nina kamusi mezani. "Deferred" ni jambo lililoahirishwa. Kesi huahirishwa, mtihani huahirishwa, na mechi yako pia. Mtu aliyenyimwa nafasi huandikiwa neno lingine. Soma mstari unaofuata. Nadhani utakuta tarehe, ambayo uliiruka kwa haraka ya kusifiwa.

Umeshtuka kwamba ulikosea, na hilo nimelipenda. Lakini kijana, unapima kicheko cha watu wa chai na maisha ya msichana? Wakikucheka, maliza chai yako uende nyumbani.

Leo hii rudi hotelini na Mzee Golicha. Ulitangaza mbele ya watu, basi kanusha mbele ya hao hao: "Mzee, neno lile sikulijua, nikasema uongo." Akikufokea, nyamaza, ni haki yake. Kisha omba barua ipelekwe Korbesa na gari la kwanza. Ni ya Batula, na Kizungu cha Form Four anacho. Asome mwenyewe, aandikie chuo kwamba bado anataka.

Na usimwogope sana mzee. Baba aliyeshindwa kungoja binti arudi, akakimbia na barua yake mpaka hotelini, alitaka kusikia "ndiyo". Mpelekee angalau "bado".