Mkubwa Hunywa Kwanza

Jumatatu, 4 Februari 1935

Nimetembea hadi reli na kurudi kabla jua halijachungulia juu ya mlima. Siku ya tisa hii. Magoti yamelia njia nzima kama kitanda cha kamba. Wapagazi wa stesheni huniuliza, babu unakimbizwa na nani? Nawajibu, na bibi yenu.

Sababu naijua mwenyewe. Alhamisi tunaanza kuchimbua tope la ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mlimani. Siku tatu za msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba mtu mmoja. Nyumba isiyotoa mtu, au mtu wake akishindwa katikati, zamu yake ya maji wanapewa wengine. Mwanangu Elia yuko Tanga anakata mkonge. Mtu wa nyumba hii ni mimi. Maharage yameanza kutoa maua na ardhi imepasuka. Basi natembea.

Jua la mwaka huu halina adabu. Hata kuku wanatembea midomo wazi.

Jumanne, 5 Februari

Zahanati. Nimekwenda kuomba dawa ya magoti. Dresa Yohana, mtu wa Maore, amenipa dawa ya kuchua na mahubiri juu yake. Tembea alfajiri, si adhuhuri. Kunywa maji kabla hujaona kiu. Chumvi kidogo kwenye uji. Kofia. Fanya kazi kidogo, kaa kivulini, rudi tena. Na ukiona mtu jasho limemkatika naye yuko juani, au ameanza kuropoka, usingoje: kivulini, mmwagie maji, mpepee, niite.

Nimemwuliza kama haya ameyasomea au aliambiwa na mama yake. Amecheka. Kisha akaniuliza umri, aandike. Nimemtajia ule wa uongo. Amenitazama kidogo, akaandika.

Jumatano, 6 Februari

Uongo wenyewe niuweke hapa. Nangasu mke wangu hajui kusoma.

Nilipomposa, baba yake alisema hampi binti mtu aliyemzidi umri mwanawe wa kwanza. Mwanawe wa kwanza ni Mshana, yule mhunzi, shemeji yangu. Mimi nilikuwa nimemzidi miaka mitano. Lakini natoka Gonja, jando langu hakuna wa hapa aliyelishuhudia. Nikasema niliingia jando baada yake. Nikapewa mke. Toka siku hiyo kila asubuhi nampa shikamoo mtu ambaye mimi nilikuwa na ndevu naye anachunga mbuzi uchi. Huitikia marahaba ndefu, kama anaita ng'ombe.

Sasa nimekwama. Mshana ndiye msimamizi wa msaragambo, na ndiye mkubwa wa wote wanaochimba. Waliomzidi ni wazee, hawahesabiwi, nyumba zao hutoa vijana. Nikisema kweli, nyumba yangu haina mtu.

Leo sikai, silali. Nimenoa jembe mara tatu. Mara ya nne sikulikuta. Nangasu amelificha.

Alhamisi, 7 Februari

Baragumu limelia saa nne. Saa nne! Mimi nipo ndivani toka alfajiri, jembe begani, kama mjinga wa mwisho.

Kule juu mlimani tulikotoka baragumu lilipigwa ukungu ukishapanda, watu wasitetemeke ndani ya maji. Mshana ameibeba saa ile ile akashuka nayo huku bondeni. Nimemwuliza, "Shemeji, unangoja ukungu gani?"

Akasema, "Ndivyo alivyofanya baba."

"Baba alikuwa na ukungu."

Watu wamecheka. Yeye hakucheka.

La pili ni baya zaidi. Desturi yetu kazini, mkubwa hunywa kwanza, ndipo wengine. Mlimani halikuwa tatizo, nani alikumbuka kiu kwenye baridi ile? Lakini Mshana anasema amekaa mbele ya moto wa kuhunzia maisha yake yote, jua hili kwake ni mtoto. Hakunywa hadi saa nane. Vibuyu vimekaa kivulini vinatutazama.

Mimi nimeiba. Nilisema nakwenda haja, nikanywa kichakani. Mara mbili. Siku nimeimaliza. Wengine wamerudi wanayumba kama wametoka kunywa pombe ya dengelua.

Nina hasira. Sijui ninamkasirikia nani.

Ijumaa, 8 Februari

Naandika upesi, mwandiko mbaya.

Joto lilipita la jana. Nilianza kwenda haja mapema. Mara ya tatu Mshana alipaza sauti mbele ya wote, "Wewe mtoto, una kibofu cha kuku?" Mtoto. Nikameza.

Saa saba nikauona mgongo wake mkavu. Muda mfupi nyuma ulikuwa unang'aa. Sasa mkavu kama chungu kilichotoka motoni. Akanigeukia, akaniita kwa jina la baba yake marehemu. Akasema nivukute upesi, chuma kinapoa. Vijana wakaangua kicheko, walidhani ananitania. Mimi nikamkumbuka dresa na mahubiri yake.

Hakuna aliyeelekea kwenye vibuyu. Mkubwa hajanywa.

Nilisimama nimeshika jembe. Nikayafikiria maharage. Naandika kweli, niliyafikiria hayo kwanza. Halafu nikatupa jembe, nikachukua kibuyu, nikanywa wote wakiniona.

Nikasema, "Mkubwa hapa ni mimi! Niliingia jando huyu akichunga mbuzi uchi. Nimeshakunywa. Kunyweni. Na huyu mbebeni."

Mmoja akanong'ona, "Masikini, na huyu naye jua limempiga." Nikamtukana kwa lugha yetu ya Chasu, ile ya Gonja, tusi la kizamani, kisha nikataja jina la rika langu la jando. Wenye babu zao kule wakalijua. Wakaacha majembe.

Mshana alianguka kabla hawajamfikia. Tumemlaza chini ya mgunga, tumemvua shati, tumemmwagia kila kibuyu, tumempepea kwa majani. Mmoja amekimbilia kwa dresa. Macho ya Mshana yalikuwa meupe. Miaka yote nimeomba aaibike kidogo. Si hivi. Si hivi hata kidogo.

Jumamosi, 9 Februari

Yu hai. Dresa alikuja jana kwa baiskeli, akakaa naye hadi jioni. Amesema tungechelewa kidogo tu, majembe yale yangekuwa na kazi nyingine. Leo mgonjwa anakunywa uji wenye chumvi. Mimi hajanisemesha.

Wazee wa ndiva wamekutana, siku ya tatu ya kazi imesogezwa hadi Jumatatu. Jina langu limeondolewa kwa wachimbaji. Nyumba haina mtu, zamu haipo. Nimesema sawa. Si sawa. Siku nzima nimezunguka ua kama mbwa aliyefungwa.

Nimemwambia Nangasu yote, kwamba nilimdanganya baba yake. Alikuwa anachambua mahindi ya makande. Hakuinua hata kichwa.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya posa. Ulishika magoti ulipokaa."

Kumbe aliyechezewa ni mimi.

Jumatatu, 11 Februari

Baragumu limelia nyota bado zipo. Nimeruka kitandani kama kijana, magoti yakanikumbusha.

Nimekwenda kutazama tu, mikono mitupu. Kivulini kando ya vibuyu kulikuwa na kigoda. Mtoto wa kwanza wa Mshana, ndiye aliyepiga baragumu, akanisogelea na kofia mkononi.

"Shikamoo babu. Baba amesema kazi haiendi bila mkubwa wa kunywa kwanza. Wewe umesema ni wewe. Basi kaa, ufanye kazi."

Nimekaa. Nimekunywa. Kivuli kikisogea kiganja kimoja nakunywa tena, nao wanakunywa. Aliyechoka nikamwita akae nami, nikamsimanga, nikamrudisha. Kijana mmoja amesema afadhali achimbe kuliko kukaa na mdomo wangu. Saa tatu u nusu tope limekwisha. Hakuna aliyeanguka. Tumbo langu ngoma.

Jumatano, 13 Februari

Nimetembea hadi reli na kurudi. Upepo kidogo.

Mshana alikuwa njiani na fimbo, amekonda shingo. Nilitaka kupita. Akasimama katikati ya njia.

"Shikamoo, shemeji."

Hakuwa na utani usoni. Marahaba hii nimeiandaa miaka yote, niivute hadi Gonja wasikie. Imetoka fupi.

Akasema amezungumza na wazee. Aliyekaa na vibuyu amehesabiwa nusu mtu. Zamu nusu, ya mwisho, leo alasiri.

Maji yamekuja mekundu, polepole, yamejaa majani. Yamefika mstari wa sita wa maharage, yakaishia hapo. Sita mingine imebaki mikavu. Nangasu amebeba ndoo mbili kutoka mferejini kwa ile iliyobaki. Nimemwambia angoje jua lishuke. Ameketi. Nami nimeketi kando yake, miguu kwenye tope.