Vinundu vya Cheche

4 Machi

Kwa binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ila magoti tu ndiyo yanagoma nikipanda ngazi. Natumaini na wewe hujambo, na hao wateja wako wa kusukwa hawakuchoshi miguu.

Utashangaa nimekuandikia badala ya kupiga simu. Nikishika simu sebuleni, mke wa mdogo wako anapunguza redio. Nikitoka nayo uani, ghafla anakumbuka ana nguo za kuanua. Kwa hiyo nimekaa chumbani kwangu na kalamu, na mlango nimeuegeshea kiti.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa mdogo wako Cheche alirudi kutoka karakana, akavua shati ajimwagie maji. Nikaona kitu mkononi mwake, juu kidogo ya kiwiko. Kinundu, kama punje ya harage imelazwa chini ya ngozi. Nikamshika mkono, nikakibonyeza, kikateleza. Nikapapasa zaidi, nikakuta kingine begani na kingine shingoni. Yeye anacheka tu, ati haviumi, anavyo muda mrefu, niachane navyo.

Sikuachana navyo. Nilimuuliza mkewe kama ameviona. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo. Tangu lini? Akachukua ndoo akatoka. Sasa nieleze wewe, mwanamke anaona mumewe anaota vitu mwilini na hasemi neno kwa mama mwenye nyumba, hapo kuna nini? Chini ya kitanda chao nimeona chupa ya mafuta meusi haina jina. Halafu mwanamke huyo saladi yangu haigusi. Nikiikata nikaiweka mezani, yeye anasema inampa kiungulia, anakula wali mtupu.

Mimi nimeanza kumpakulia mwanangu mwenyewe. Chakula chake kinatoka mkononi mwangu, si mwa mwingine.

Nijibu upesi, na uandike jina langu juu ya bahasha kwa herufi kubwa.

Mama yako

*

17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua imefika na bahasha haikufunguliwa, niliikagua. Mimi ni mzima, vidole tu vimekakamaa kwa kusuka.

Kwanza mpeleke Cheche hospitali. Usikubali dawa ya mtu yeyote wa mtaani, na usimpake kitu. Vinundu vinaweza kuwa mafuta tu, vinaweza kuwa jambo lingine, mimi na wewe hatujui.

Kuhusu wifi, sijasema ni yeye, na wewe usimwambie mtu kwamba nimesema. Lakini mama, fumbua macho. Hapa saluni nimesikia mambo ya waume kulishwa dawa, ambayo sikuyaamini mpaka nilipowaona mama zao wakilia kwenye kiti changu. Ile chupa ichukue uinuse. Na umefanya vizuri kumpakulia mwenyewe. Endelea hivyo hivyo mpaka tujue.

Nisalimie Cheche. Wifi pia, ili asishtuke.

Binti yako

*

22 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nashinda hospitali.

Cheche alianguka karakana. Alikuwa anachomelea geti, wenzake wanasema alisimama akatazama ukuta kama mtu aliyeitwa, kisha akaenda chini akitetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Bahati moto alikuwa ameshauzima. Walimbeba mpaka hospitali, nikamkuta ananitazama kama hanijui.

Wakampiga picha za mapaja na za kichwa. Daktari, mwanamke mpole anayeongea taratibu, alituita sote watatu ndani. Akasema ni tegu. Nikamwambia tegu mimi namjua, ni mnyoo wa tumboni. Akasema ndiyo, lakini yule wa tumboni hutaga mayai, na mtu mwingine akiyameza, wadudu wachanga hutoka, hupita kwenye damu na kujijengea vifuko ndani ya misuli, chini ya ngozi, hata kwenye ubongo. Vile vinundu ndivyo hivyo vifuko. Kichwani anavyo pia, ndiyo maana alianguka. Vingine vimeshakufa na kuwa vigumu, akasema hivyo vina miaka mingi. Ameanza dawa, lakini polepole, maana wakifa kwa pamoja ubongo unavimba.

Nikamuuliza mayai yametoka wapi. Akasema hutoka kwa mtu mwenye mnyoo tumboni, anayetoka chooni hanawi vizuri kisha anashika chakula. "Mara nyingi," akasema, "ni mtu wa nyumba hiyo hiyo."

Binti yangu, nilimgeukia mke wa mdogo wako hapo hapo mbele ya daktari. Yeye alikuwa ananitazama tayari. Akasema, "Mimi nitapima wa kwanza." Unaona kiburi hicho?

Tulipofika nyumbani nilimwambia asikanyage jikoni mwangu. Nilisema na mengine. Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kwa wazazi wake. Cheche hali vizuri, anatazama mlango tu. Lakini saa hizi angalau anakula changu peke yake, vitu vibichi vyenye nguvu, nyanya, karoti, nakata mwenyewe.

Mama yako

*

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikaifunga, nikaisoma tena. Pole sana kwa yaliyompata Cheche. Hapa sina raha, juzi nimemsuka mteja mistari ya kwenda kulia nusu na ya kushoto nusu.

Mbona hujaniambia majibu ya wifi? Amepima au hajapima? Daktari ameomba nani wengine wapime?

Mama, nitasema kitu na nakuomba usikasirike. Umeandika kwamba vinundu vingine vina miaka mingi. Wifi ameingia nyumba hiyo mwaka juzi. Kabla yake ni nani alikuwa anampikia Cheche?

Mimi pia nilikuambia umpakulie mwenyewe. Kwa hiyo sikuandikii kama hakimu.

Saladi acha kwanza. Mpe vitu vilivyoiva.

Binti yako

*

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimempigia Cheche, anasema uko salama ila huongei, na kwamba sasa chakula anapikiwa na mama wa duka. Nimemuuliza kwa nini, anasema hajui, umekataa kushika sufuria.

Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

*

3 Julai

Binti yangu,

Pokea salamu. Natumaini wewe ni mzima. Hilo safari hii silisemi kwa mazoea, utaona mbele.

Barua yako ya Mei ilinikasirisha. Niliichana. Niliwaza kwamba yule mwanamke amekupigia simu, mmeshaelewana, sasa hata mwanangu wa kumzaa ananigeuka. Majibu yake nilikuwa nayo nilipokuwa naisoma. Hakuwa na kitu. Sikutaka kukuandikia hilo.

Nikaenda kupima peke yangu, hospitali ya mbali ambako hakuna anayenijua, ili nikirudi niwafunge wote midomo. Muuguzi akaniuliza kama nimewahi kuona vipande vyeupe chooni, bapa, kama utepe. Nikasema hapana. Akanitazama, akauliza tena kwa upole. Nilikuwa naviona. Nilidhani ni uzee, na aibu hiyo ningemwambia nani? Akaniuliza kama nimewahi kula nyama ya nguruwe isiyoiva, maana tegu huanzia humo, nikakumbuka zile enzi nakaanga sokoni, kila sufuria naionja kabla haijaiva. Ni mimi, mwanangu. Huyo tegu alikuwa tumboni mwangu miaka yote. Wamenipa dawa, ametoka.

Nikakaa na jambo hilo sijui niliweke wapi. Mchana mmoja Cheche alikuja chumbani akakaa kitandani kwangu, amekonda, akaniuliza kwa nini simpikii tena. Akadhani nimemchoka kwa sababu anaumwa. Hapo nikamwambia yote. Akawa anakibonyeza kile kinundu cha mkononi. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mke wangu anajua?"

Nikaenda kwa wazazi wake. Nilimkuta anafua. Hakuniletea kiti, na mimi sikukaa. Nikamwambia kwamba mwenye mnyoo ni mimi, na kwamba yale niliyomwambia jikoni hayakuwa na haki. Akasuuza shati aliloshika, akalikamua, ndipo akajibu. Ile chupa, akasema, ni mafuta ya kuchulia vile vinundu, Cheche ndiye aliyemwomba afiche, hakutaka nipate wasiwasi. Halafu akaniambia hili, nakuandikia lilivyo:

"Mama, nilikuwa nakuona ukitoka chooni unakwenda moja kwa moja kwenye nyanya. Ndiyo maana sikula. Lakini mkwe anaanzaje kumwambia mama mkwe neno kama hilo?"

Angeniambia, ningemfukuza siku hiyo hiyo. Yeye anajua, na mimi najua.

Hakurudi kwangu. Wamepanga chumba karibu na karakana, Cheche amemfuata. Hajaanguka tena, ila moto bado amekatazwa, anapima na kukata vyuma tu.

Jumapili walinialika. Mlangoni mkwe wangu alitoka na jagi na sabuni, akanimiminia maji mikononi. Nikanawa. Akabaki amesimama na jagi. Nikaelewa, nikapaka sabuni tena mpaka kwenye kucha, akanimiminia tena. Kisha akanisogezea kiti cha karibu na dirisha, mbali na jiko, nikakaa hapo nikawatazama wakipika wawili. Sikuombwa kusaidia, na sikujitolea. Chakula kilikuwa kizuri.

Sasa wewe. Uliondoka hapa miaka minne iliyopita, na kabla ya hapo ulikula mkononi mwangu kila siku. Ukimaliza kusoma, funga mlango, ujipapase mikono, shingo, mapaja, taratibu, kwa ncha za vidole. Kisha nenda hospitali hata kama hukukuta kitu. Na ukikuta, usianze kumtazama mtu vibaya huko unakoishi. Niandikie mimi.

Mama yako