Mashine Ilimtaja Kipara

Dada yangu,

Dunia nzima hakuna fundi wa kompyuta kama mdogo wako. Hata waliosoma hadi macho yakawatoka hawanifikii magotini! Nimetunga skripti, programu ndogo inayohifadhi kazi ya ofisi nzima na kuituma yenyewe kwenye hifadhi kuu, kisha inadaka majibu yote ya mashine na kuyaweka kwenye faili. Usicheke.

Jana bosi alitaka kumwajiri rasmi aliyeitunga. Akafungua faili. Kila jibu lilisema: "Imehifadhiwa na Kipara."

"Kipara, kumbe ni wewe?"

Kipara, ninayelala naye chumba kimoja, uliyempa shuka lako, alinitazama usoni, akajibu, "Ndiyo, bosi."

Niliitungia kwenye kompyuta yake, dada. Jina lake nililiona kwenye mipangilio ya kompyuta, nikaliacha. Nilisema ndugu ni ndugu.

Mdogo wako,
Fundi